Nani amekutuma? Uzi kuhusu mikono ya nje kwenye kampeni

Kila msimu wa siasa ukikaribia, kuna sentensi moja lazima irushwe: "Huyu ametumwa na watu wa nje." Wiki hii imerudi tena. Naona watu wanatukanana, nusu wanataja Urusi na Marekani ya 2016, nusu wanataja Nairobi ya 2017, na hakuna anayemuuliza mwenzake anamaanisha nini hasa. Wacha nieleze ninavyolijua jambo hili kutoka huku Turkana. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mnawajua, na tukianza majina hapa mjadala umekufa. Uzi ni mrefu, chukueni chai.

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu sina usafi wa kujivunia.

Mwishoni mwa 2012 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko tu Lodwar, sina kazi. Jamaa mmoja akaniambia kuna watu wanatafuta vijana wanaojua Kiturkana na Kiswahili wa kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba. Shilingi 50 kwa kila fomu iliyojaa. Nilipewa Nakwamekwi na Kanamkemer, halafu nikapelekwa Kakuma mjini, upande wa wenyeji, si kambini. Kwa kijana wa wakati ule hiyo ilikuwa pesa.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Umri, kazi, una redio, una simu. Halafu yakaanza kugeuka. Unaogopa nini zaidi? Ni jamii gani usingependa iongoze nchi? Mama mmoja wa Kakuma aliniambia anaogopa njaa na wezi wa mifugo, akanicheka kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Nikaandika. Mzee mmoja wa Nakwamekwi naye akanikatiza.

"Mwanangu, nani amekutuma?"

"Ni kampuni ya Nairobi, mzee."

"Na hiyo ya Nairobi imetumwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akanijibu mpaka ukurasa wa pili, kisha akanyamaza, akaniangalia tu. Ile fomu sikulipwa kwa sababu haikujaa. Nitarudi kwa huyu mzee.

Sasa, hii shutuma ya kutumwa ni ya zamani kuliko kompyuta, na sisi watu wa Lodwar tunaishi nayo jirani. Kuna ile nyumba hapa mjini ambayo wageni hupelekwa kupiga picha, alipowekwa yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza. Alikamatwa Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, akahukumiwa Aprili 1953 miaka 7, akafungiwa Lokitaung huko juu. 1959 alipomaliza kifungo hakuachiliwa, akaletwa Lodwar chini ya ulinzi hadi 1961. Hukumu ilikuwa ya kuongoza Mau Mau. Lakini pembeni ya hukumu kulikuwa na maneno mengine ambayo serikali ya kikoloni haikuchoka kuyarudia: huyu alisoma Moscow miaka ya 1930, kwa hivyo nyuma yake kuna wakomunisti. Na mawakili waliomtetea walitoka Uingereza, India, Nigeria na hata Jamaica. Ukitaka kusema "mawasiliano na wageni", hapo yapo tele. Ila yaliyomsukuma yule mtu na wenzake ni mashamba yaliyochukuliwa na kipande walichovalishwa shingoni, na hayo hayakuletwa na mtu kutoka Moscow.

Ndiyo faida ya kwanza ya shutuma hii kwa mwenye nguvu. Inamwezesha kutojibu lalamiko lenyewe.

Mfano wa pili ndio naupenda zaidi, na wengi hawaujui. Mnabishana kuhusu wageni kwenye kampeni ya Marekani kana kwamba ilianza 2016. Mwaka 1960 mgeni alikuwa Mkenya.

Julai 1960 kijana wa miaka 29, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kutoka Kenya, alienda Hyannis Port, Massachusetts, nyumbani kwa seneta aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa kugombea urais. Hakwenda kumpigia debe. Alikuwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi kwenye vyuo vya Marekani na hawana nauli. Mwaka uliotangulia, ndege ya kwanza iliwabeba 81, kwa michango ya Wamarekani wa kawaida na barua za kuomba pesa zilizotiwa saini na watu kama Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia.

Wakfu wa familia ya yule seneta ukakubali kutoa dola 100,000. Habari zikafika upande wa pili. Jackie Robinson, ambaye alikuwa akimuunga mkono mgombea wa upande huo, akawasukuma wafanye kitu, na ghafla wizara ile ile iliyokuwa haina pesa ikapata dola 100,000! Waliosimamia safari wakachagua pesa za wakfu. Agosti seneta mmoja akasimama bungeni Washington akalalamika kwamba familia tajiri inatumia wanafunzi Waafrika kununua siasa. Septemba wanafunzi zaidi ya 200 wakapanda ndege. Novemba yule seneta akashinda kwa chini ya kura 120,000 kati ya karibu milioni 69, na kura za Wamarekani weusi zilikuwa na uzito mkubwa katika ushindi huo.

(Kabla hamjaandika: hapana, baba wa yule aliyegombea 2008 hakuwa kwenye ndege ile. Alienda Hawaii 1959 kivyake. Watu wameirudia hiyo hadithi mpaka imekuwa kama kweli.)

Haya, niambieni. Huo ulikuwa uingiliaji? Mgeni alikutana na mgombea katikati ya kampeni. Pesa zilitembea. Pande zote mbili zilipiga hesabu ya kura. Mimi nasema haukuwa, na sababu yangu si kwamba waliofaidika ni ndugu zetu. Ni kwamba kila kitu kilikuwa mezani. Nani ametoa, kiasi gani, kimeenda wapi, magazeti yaliandika, mpinzani akapiga kelele kabla ya siku ya kura. Mpiga kura wa Chicago angeweza kukasirika na kupiga kura kwa hasira yake. Na pesa zilitoka kwa Wamarekani kwenda kwa wageni, hazikuingia kwenye kampeni kutoka nje.

Halafu rudini nyumbani. Yule kijana aliyeleta ndege aliitwa mtu wa Wamarekani. Upande wa pili ukaitwa wa Urusi na China. Desemba 1964 ikafunguliwa Taasisi ya Lumumba karibu na Nairobi kwa msaada wa Urusi, mwaka uliofuata ikafungwa. Aprili 1965 meli ya Urusi ilileta silaha Mombasa, serikali ikazikataa. Kufikia uchaguzi mdogo wa Juni 1966, chama kipya cha upinzani kilikuwa kimeshabandikwa jina la ukomunisti, na hoja yake ya ardhi ikafunikwa na jina hilo. Pesa za nje zilikuwepo kweli, pande zote. Lakini aliyeulizwa kuhusu za kwake ni aliyeshindwa peke yake.

Wenzetu wa Wajir nao wana kisa chao. Agosti 2006 seneta mmoja wa Marekani alitembelea huko, wazee wakamvisha nguo za heshima kama wanavyomfanyia mgeni yeyote. Februari 2008, katikati ya kampeni, ile picha ikasambazwa Marekani kama ushahidi wa kitu fulani. Cha nini? Hakuna aliyesema. Kitambaa tu. Huku kaskazini mtu akikuvisha shuka unashukuru, huulizwi umeapa nini.

Sasa 2016, ambayo ndiyo mnagombania. Kuna mambo mawili na mnayachanganya. Moja, Warusi walifanya kazi: kundi la Saint Petersburg lilifungua kurasa bandia wakijifanya Wamarekani, na Facebook ilikadiria huenda watu milioni 126 waliona yaliyoandikwa humo. Majasusi wa kijeshi wa Urusi wakadukua barua pepe za chama kimoja, zikamwagwa hadharani. Mbili, watu wa kampeni walikuwa na mawasiliano mengi na Warusi, ukiwemo mkutano wa Juni 2016 New York ambapo waliahidiwa habari chafu za mpinzani. Mchunguzi maalum aliandika kurasa 448, zikatolewa Aprili 2019. Aliyaeleza yote mawili, lakini akasema ushahidi haukuthibitisha kwamba kampeni ilikula njama na serikali ya Urusi. Kwa hivyo anayesema "hakuna kilichotokea" hajasoma, na anayesema "walithibitishwa wameshirikiana" pia hajasoma.

Kumbe wakati Wamarekani wanashangaa hayo, sisi tulikuwa tumeshapitiwa. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha video za siri. Mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica alijigamba kuwa walikibadilisha sura chama kimoja Kenya mara mbili, wakaandika ilani, wakafanya tafiti mbili za watu 50,000 kila moja. Kampuni mama, SCL, tayari ilikuwa ikijisifu kwa utafiti wa Wakenya 47,000 kabla ya uchaguzi wa 2013. Jibu la afisa mmoja wa chama hicho lilikuwa kwamba ilikuwa kazi ya chapa tu.

Niliposikia 47,000 nikaweka kikombe chini.

Sisemi fomu zangu zilikwenda kwao. Msimu ule tafiti zilikuwa nyingi, kila mtu alikuwa na fomu. Nasema tu kwamba nilizunguka mtaani nikiuliza watu wangu wanaogopa nini, na sikuweza kumwambia mzee jibu linaenda wapi. 2017 ikaja video ya sekunde 90 ikionyesha Kenya ya 2020 ikiwa upande fulani umeshinda: Al-Shabaab, njaa, magonjwa. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International likaeleza kwamba nyuma ya kampeni hiyo ya mtandaoni kulikuwa na kampuni ya Texas, Harris Media. Video yenyewe haikusema. Ulikuwa umeitazama WhatsApp ukidhani imetengenezwa na Mkenya mwenye uchungu na nchi yake.

Na upande wa pili? Ulikuwa na wake pia. Agosti 2017, siku chache kabla ya kura, Mmarekani na Mkanada wa kampuni ya Aristotle ya Washington, washauri wa upinzani, walikamatwa na kufukuzwa nchini. Wageni walikuwa kambi zote mbili, lakini waliopandishwa ndege ni wa kambi moja. Ukinielewa hapo, umeelewa 1966.

Sheria inasemaje? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza chama kupokea mchango kutoka kwa asiye raia au serikali ya kigeni. Inaruhusu chama cha nje chenye itikadi moja kutoa msaada wa kiufundi, mradi si mali. Lakini mshauri wa London anayelipwa kwa pesa za hapa hapa si mchango, ni mfanyakazi. Ile sheria ya 2013 ya kugharamia kampeni, ambayo ingetuonyesha kiasi kinachotumika, ilisimamishwa kwa 2017, na kwa 2022 Bunge likakataa kanuni zake. Wabunge wa pande zote, tafadhali. Hapo hawakugombana.

2022 nayo: Wavenezuela watatu wakakamatwa uwanja wa ndege Nairobi mwezi wa Julai na stika za uchaguzi, nchi ikalipuka. Ikabainika walikuwa wa Smartmatic, kampuni iliyopewa kandarasi na tume, na Septemba Mahakama ya Juu ikatupa hoja za udukuzi. Wakati macho yote yako kwenye stika, kundi la Waisraeli lilikuwa likiwaonyesha wateja jinsi linavyoingia kwenye Gmail na Telegram za watu wa karibu na mgombea mmoja. Hilo tulilijua Februari 2023 kupitia waandishi wa habari wa nje. Tulikuwa tumemkaba mwenye viza na kandarasi.

Siku hizi nafanya kazi Kakuma. Kambi ilianza 1992, na ukijumlisha Kalobeyei ni watu karibu 300,000. Kila uchaguzi wa Kenya lazima nisikie uvumi kwamba wakimbizi wameandikishwa kupiga kura, na siku hizo wenzangu wa kambini hawatoki jioni. Lakini hawa watu wanafuatilia kampeni za Marekani kuliko wengi wenu. Januari 2017 amri moja ilisimamisha kupokea wakimbizi kwa siku 120, na kuna familia zilikuwa zimeshapimwa afya zinangoja tarehe. Januari 2025 ikasimamishwa tena, na mwaka huo mgao wa chakula ukakatwa. Kwa miaka mingi tunauliza nani wa nje anaathiri kura yetu. Kakuma wanaathiriwa na kura ambayo hawapigi, kule wala hapa, na bado wao ndio wanaoitwa mikono ya nje.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Lodwar. Msichana mmoja akaingia boma la mama na simu mkononi, mpole, anaomba dakika 15 za maswali. Umri, kazi, una redio. Nikamngoja. Lilipofika la kuogopa nikamuuliza, "Dada, nani amekutuma?"

Akashusha kidole kwenye kioo mpaka chini, akapandisha tena.

"Hapa hawajaandika," akasema. "Kwani ulitaka kujua?"