Sauti na Maneno katika Sinema ya Nyumbani

Mtu aliyenunua mtambo wa spika nyingi kwa ajili ya kutazamia filamu sebuleni mwake hukutwa aghalabu na jambo la kushangaza. Ngurumo za radi zatetemesha vikombe kabatini, na mvua yasikika kana kwamba yanyesha juu ya bati la nyumba ile ile. Walakini maneno ya watu wanaozungumza hayafahamiki. Akiongeza sauti, radi huzidi na maneno hubaki pale pale. Jambo hili lilinipata mimi. Baba yangu mkubwa, ambaye masikio yake yamepungua nguvu kwa ajili ya umri, aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, hawa watu wanasema au wananong’onezana?”

Lugha yetu yenyewe inayo sehemu katika udhia huu. Neno “sauti” lachukua pamoja kilio cha radi na usemi wa mwanadamu, na asemaye “ongeza sauti” hutaka usemi akapewa radi. Hata “kipaza sauti” chaitwa hivyo kile kinachopokea sauti na kile kinachoitoa. Hapa chini nitasema maikrofoni kwa cha kwanza na spika kwa cha pili. Lakini ugumu wenyewe ni wa zamani kuliko mitambo hii, na kila kitufe kilichomo katika risiva ya leo ni alama ya shida ambayo watu fulani waliikuta mahali fulani.

Tuanze na chumba. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, nao haukufaa kitu, maana neno lililotamkwa lilidumu hewani kwa muda wa sekunde tano na nusu hivi, na mengine kumi yakaja juu yake. Kijana mmoja, mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, aliambiwa atafute dawa. Alifanya kazi usiku, mji ulipotulia, akiazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kuipanga humo, huku akipima kwa bomba la kinanda na saa jinsi sauti ilivyokufa upesi kwa kadiri mito ilivyoongezeka. Ndipo ikajulikana kwamba muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na vitu vinavyoimeza sauti ndani yake. Sebule zetu za pwani, zenye sakafu ya vigae, kuta za lipu na madirisha ya vioo, ni binamu za ukumbi ule. Zulia na pazia nene huyasaidia maneno kuliko kitufe chochote, na mimi huona ni afadhali mtu aanze hapo kabla ya kushika rimoti.

Suala la spika ngapi lina historia yenye njia panda. Tarehe 27 Aprili 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki katika mji wake, na watu waliokuwa Washington wakausikia ukumbini mwao kwa njia ya waya. Wahandisi wa maabara ya Bell, wakiongozwa na Harvey Fletcher, walikuwa wameweka maikrofoni tatu upande mmoja na spika tatu upande wa pili. Leopold Stokowski, kiongozi wa okestra, aliwaachia wengine fimbo yake akakaa Washington kuongoza ukubwa wa sauti. Kwa nadharia ulitakiwa ukuta mzima wa spika. Kwa spika mbili tu, aliyekaa katikati husikia vema, lakini aliyekaa pembeni huona kila kitu kimehamia spika iliyo karibu naye. Ya tatu, iliyowekwa katikati, ilizuia kuhama huko. Sinema ikaipokea hesabu hii: CinemaScope ya mwaka 1953 ilikuwa na njia tatu za sauti nyuma ya pazia la picha na ya nne kwa spika zilizouzunguka ukumbi, na mazungumzo yakazoea kukaa katikati, kwenye vinywa vya waigizaji.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwingereza Alan Blumlein, katika hati ya uvumbuzi aliyoiomba Desemba 1931, alionyesha namna ya kuandika njia mbili za sauti katika mfereji mmoja wa santuri, kwa sababu mfereji una kuta mbili. Hakuishi kuona matunda yake. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1942 akijaribu rada, na santuri za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Basi ukumbi ulirithi spika tatu za mbele, na sebule ikarithi mbili kutoka katika mfereji wa santuri. Dolby Surround ya mwaka 1982, iliyoleta sauti za sinema nyumbani, haikuwa na spika ya kati. Hiyo ilikuja na Pro Logic, mwaka 1987. Hata leo wako wengi waionao ile spika ya kati kuwa pambo.

Ugonjwa wa mtambo wangu ulikuwa hapo hapo. Risiva ilijua kwamba spika ya kati ipo, ikaipelekea mazungumzo yote, ilhali waya wake ulikuwa umebanwa juu ya gamba lake la plastiki badala ya shaba. Minong’ono aliyoisikia mzee ilikuwa ni ule mvumo wa maneno uliochanganywa katika njia nyingine. Majuma mawili nilibadilisha vitufe. Sauti ya majaribio, ambayo risiva huipeleka spika moja baada ya nyingine, ingalinionyesha kwa nusu dakika. Fundi mmoja alikuwa amekwisha nishauri ninunue amplifaya kubwa zaidi. Kosa jingine, la kupachika nyekundu penye nyeusi katika spika moja, hujitambulisha kwa besi iliyokonda.

Kisha risiva huuliza umbali wa kila spika, na watu hujaza kwa kubahatisha. Mwaka 1949, katika tasnifu yake ya Göttingen, Helmut Haas alionyesha kwamba sauti moja ikifika kutoka pande mbili, sikio huamini ile iliyotangulia, hata kama iliyochelewa kwa milisekunde 10 au 20 ina nguvu zaidi. Mawimbi ya sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa milisekunde tatu hivi. Dolby Stereo ya miaka ya 1970 ilifumba njia nne ndani ya mbili, na maneno yalivuja kwenda spika za nyuma. Kwa hiyo za nyuma zilicheleweshwa kusudi, ili maneno yasitoke mgongoni mwa msikilizaji.

Yabaki macho. Runinga za leo huchukua muda kuitengeneza picha, na sauti ikapita mbele ya midomo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliandika mwaka 1998 kwamba mtazamaji huanza kutambua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa huvumilia mpaka 125. Sikuona ajabu: mtu akituita toka ng’ambo ya uwanja, mdomo hufunguka kwanza. Nao McGurk na MacDonald walikwisha onyesha mwaka 1976 kwamba jicho huibadili hata herufi ambayo sikio limeisikia. Baba mkubwa, kwa miaka kadha wa kadha, amekuwa akisoma midomo bila ya kumwambia mtu. Tulipoichelewesha sauti kwa milisekunde 80, alitazama filamu kwa kitambo, kisha akaniomba niipunguze.