Tanuru, Memori na Wanga

Wenyeji wengi watakuambia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni anayepanda Ufipa kwa basi kutoka Tunduma huenda akasimuliwa hivyo kabla hajashuka: kama umekuja na wanga wako, uuache njiani.

Nililikumbuka jina hilo wiki niliyokuwa nikihangaika kukompaili kerneli ya Linux kwenye laptopu ya mtumba, katika chumba cha kupanga mjini hapa. Mara ya kwanza kazi ilikatika baada ya dakika 20: kompaila ilitangaza hitilafu ya ndani, ikafa. Nikarudia bila kubadili hata herufi moja. Safari hii ilifika dakika ya 40, ikafia kwenye faili jingine kabisa. Mara ya tatu, faili la tatu. Jirani yangu alichungulia mlangoni akasema, "Mdogo wangu, hiyo imerogwa." Tulicheka. Lakini usiku huo nilikuwa nimeshafikia uamuzi mbaya kuliko wake: kwamba mimi ndiye sijui kazi.

Ufipa inazifahamu tangu zamani kazi zinazoharibika bila sababu kuonekana. Kabla majembe ya viwandani hayajaua soko lao, Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yenye urefu wa hadi mita 3 hivi. Ilungu halikuhitaji mivukuto; hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda kwa nguvu ya joto. Kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo lilivukutwa, kisha kikafuliwa kuwa jembe. Baadhi ya malungu yamebaki hadi leo yakiwa yamesimama porini.

Watu hao walikuwa mafundi hasa. Walijua udongo wa kichuguu unavyostahimili moto na mti gani unatoa makaa mazuri. Hata hivyo tanuru lilitunzwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walitakiwa kujitenga na wake zao hadi kazi iishe. Chuma kisipotoka, swali halikuwa la makaa peke yake. Iliulizwa pia nani amevunja mwiko, au nani ana husuda. Tusiwacheke. Ndani ya tanuru linalowaka hakuna anayeona kitu. Makaa yenye unyevu, mawe hafifu, tundu lililoziba: yote huzaa bonge lilelile lisilofaa, na kwa kulitazama bonge huwezi kujua lilikosa nini.

Miaka ya 1990 watu wa mbali nao walijikuta mbele ya tanuru la namna hiyo. Linux ilikuwa imetoka mwaka 1991, na watumiaji wake walizoea kujikompailia kerneli wenyewe. Wengi walikuta kompaila ikiuawa na "ishara namba 11", maana yake programu imegusa sehemu ya memori isiyokuwa yake. Kila mmoja aliishuku programu. Mholanzi Rogier Wolff aliwaandikia maelezo marefu, na kiini chake kinaweza kusemwa hivi: kosa la maandishi hurudi palepale kila ukirudia, kosa la mashine huhamahama.

Lakini kwa nini kompaila, wakati mashine hiyohiyo inapiga muziki na kufungua picha vizuri? Kwa sababu kompaila hujenga ndani ya memori mti mkubwa wenye anwani nyingi mno, kila moja ikielekeza kwenye nyingine. Biti moja ya picha ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, nukta moja inabadilika rangi na hakuna anayejua. Biti hiyo ikigeuka ndani ya anwani, programu inapotea njia na mfumo unaiua. Ongeza joto la prosesa inayofanya kazi kwa nguvu zote saa nzima, na udhaifu uliojificha kwa miezi unajitokeza.

Hata memori nzima huweza kukosea. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwa nini biti zilikuwa zikigeuka katika chipu zisizo na kasoro. Chanzo kilikuwa chembe za alfa kutoka kwenye mabaki madogo sana ya urani na thori katika vifuniko vya chipu zenyewe. Kitu kisichoonekana, kinachopiga bila mpangilio na kisichoacha jeraha: Ufipa kitu hicho kina jina. Ila May na Woods walikipima, na kilipokwisha kupimwa, viwanda vilijua ni malighafi gani ya kusafisha.

Kipimo changu kilikuwa Memtest86, programu aliyoiandika Chris Brady mwaka 1994. Huwashwa kabla ya mfumo wowote, ikaandika alama katika kila chumba cha memori na kuzisoma tena kuona kama zimebaki vilevile. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu, karibu yote ikitaja eneo lilelile. Nikachomoa kipande kimoja kati ya viwili vya RAM, nikarudia kazi, ikafika mwisho. Nikakirudisha kile kipande, ikafa. Nikakitoa tena, ikapona.

Kurudia huku kwa subira kuna nguvu kuliko kunavyoonekana. Mwaka 2017 watumiaji wa Linux wenye prosesa mpya za Ryzen walikuta kompaila zao zikianguka. Walikagua memori, walikagua umeme, wakaendelea kukompaili mfululizo na kuandika matokeo, mpaka AMD ikakiri kwamba baadhi ya prosesa zina tatizo na kuwabadilishia. Bila rekodi hizo, wangebaki wakiambiwa warudi wakatazame memori zao.

Tunapokosa kipimo, tunatafuta mtu. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa sababu mtoto aliugua au mazao yalikauka na mtu akataka jibu siku hiyohiyo. Mimi mtu niliyempata nilikuwa mimi mwenyewe. Bei yake ni ndogo ukilinganisha, lakini nawafikiria vijana wanaojifunza peke yao kwenye mashine za mtumba, ambao wameshafunga laptopu na kuacha kazi wanayoiweza.

Jirani aliporudi nilimwonyesha kile kipande cha RAM. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta palipoungua, hakupaona.

"Mbona kizima?" akauliza.

Nikamwambia, "Kaka, kaa nikuonyeshe." Nikakichomeka tena.