Tutu: binti wa Ife aliyetundikwa katika sebule za Nigeria huku picha yenyewe ikiwa haionekani

Kwanza tuweke jina sawa. Tutu tunayemzungumzia hapa si Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini. Ni Adetutu Ademiluyi, binti wa Kiyoruba kutoka mji wa Ife, kusini magharibi mwa Nigeria, na Tutu ni kifupi cha Adetutu. Mchoraji Ben Enwonwu alimchora mwaka 1973, kisha akamchora tena mara mbili. Picha zikawa tatu. Zote tatu zilipotea machoni pa watu, na mpaka leo ni moja tu iliyopatikana.

Mchoraji mwenyewe

Enwonwu alizaliwa mwaka 1917 huko Onitsha, mji wa Waigbo kando ya Mto Niger. Baba yake alikuwa mchongaji wa sanamu, na yeye alianza kuishika kazi hiyo nyumbani kabla ya kwenda kusoma sanaa Uingereza katika miaka ya 1940. Aliporudi jina lake lilikuwa limeshavuka mipaka. Ndiye aliyechonga sanamu ya Malkia Elizabeth II katika miaka ya 1950, jambo ambalo kwa msanii Mwafrika wa wakati wa ukoloni halikuwa dogo. Sanamu yake iitwayo Anyanwu imesimama nje ya Makumbusho ya Taifa mjini Lagos, na nakala yake ipo makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.

Mwaka 1971 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ife, ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, akiwa profesa wa sanaa. Hapo ndipo habari yetu inapoanza, na hatuwezi kuieleza bila kutaja vita.

Mwigbo anamchora Myoruba

Julai 1967 eneo la mashariki mwa Nigeria, ambako Waigbo ndio wengi, lilikuwa limejitangaza kuwa nchi huru ya Biafra na serikali ya shirikisho ikaingia vitani kulirudisha. Wasikilizaji wetu wa rika la wazee watakumbuka kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968, kwa uamuzi wa Mwalimu Nyerere. Vita viliisha Januari 1970 kwa Biafra kusalimu amri. Watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja.

Serikali ilitangaza kwamba hakuna mshindi wala aliyeshindwa. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini Waigbo wengi waliokuwa na fedha benki katika eneo la Biafra walilipwa pauni 20 tu, hata kama akiba yao ilikuwa mara mia ya kiasi hicho.

Ndani ya hali hiyo, mwaka 1973, Enwonwu alimwona Adetutu akiwa katika matembezi yake maeneo ya Ife. Hakujua ni nani. Alichokiona ni uso na shingo ndefu, akataka kuvichora. Ikaja kubainika kwamba msichana huyo ni mjukuu wa mmoja wa waliokuwa Ooni wa Ife, yaani mfalme wa mji ambao Wayoruba wanauhesabu kuwa chimbuko lao. Binti wa nyumba kama hiyo hakai tu mbele ya mchoraji kwa sababu mchoraji ameomba. Enwonwu alilazimika kuishawishi familia, na ilichukua muda mpaka wakamkubalia.

Katika picha Tutu amefunga kitambaa kichwani na nguo imemzunguka mwilini. Nyuma yake ni giza, mwanga wote uko usoni na shingoni. Hacheki, wala hajapambwa kama bibi harusi. Kwa mtazamo wetu, utulivu huo ndio uliowashika watu. Nchi ilikuwa imetoka kuona picha za watoto wa Biafra waliobaki mifupa, na sasa mtu wa kabila lililoshindwa vita anachora heshima ya binti wa kabila jingine. Watu wakaisoma kama picha ya upatanisho. Haikumrudishia mtu pauni zake, lakini watu waliitaka iwe ukutani kwao.

Nakala kila mahali, picha hakuna

Nakala za kuchapwa zilianza kuenea katika miaka ya 1970. Zikaingia kwenye fremu za sebuleni, nyumba za wenye nacho na za wasio nacho. Wanigeria wengi wamekua wakimwona Tutu kila siku bila kujua jina la aliyemchora, jinsi ambavyo mtu anaweza kula miaka yote chini ya picha fulani ukutani asiulize imetoka wapi.

Wakati huo picha zenyewe zilikuwa zinatoweka. Ile ya kwanza, ya 1973, Enwonwu aliipenda mno na hakukubali kuachana nayo. Alikaa nayo studio mpaka alipofariki Februari 1994, kisha ikaibwa. Moja ya zile za 1974 ilionekana hadharani kwa mara ya mwisho mwaka 1975, katika maonyesho kwenye ubalozi wa Italia mjini Lagos. Baada ya hapo, kimya.

Mwishoni mwa 2017, Giles Peppiatt wa kampuni ya mnada ya Bonhams aliitwa kwenye nyumba moja kaskazini mwa London kuangalia mchoro. Familia iliyoita haikujua ina nini. Mtu wa kazi yake huwa anategemea kukuta nakala tu, maana nakala zimejaa, lakini hii ilikuwa rangi ya mafuta juu ya turubai. Alikuwa ni Tutu wa 1974.

Ilipigwa mnada London tarehe 28 Februari 2018, na watu waliokuwa Lagos wakaufuatilia moja kwa moja. Makadirio yalikuwa kati ya pauni 200,000 na 300,000. Iliuzwa kwa pauni 1,205,000. Mwandishi Ben Okri aliuita ugunduzi huo mkubwa kuliko wote katika sanaa ya Afrika ya sasa kwa zaidi ya miaka 50. Novemba mwaka huo picha ilipelekwa Lagos na kuoneshwa katika maonyesho ya ART X.

Wengi humwita Tutu “Mona Lisa wa Afrika”. Sisi jina hilo halituingii sana. Mona Lisa naye aliibwa, mwaka 1911, akarudishwa baada ya miaka miwili, lakini aliibwa kutoka makumbusho ya Louvre, akarudi hapohapo, na mtu yeyote anaweza kukata tiketi akamwone. Tutu aliyepatikana yuko mikononi mwa mnunuzi ambaye jina lake halikutangazwa. Mnigeria wa kawaida amebaki na ile nakala yake ya ukutani.

Bei hiyo iliwafanya watu wapekue nyumba zao. Mwaka 2019 familia moja huko Marekani ilitafuta kwenye intaneti saini iliyokuwa kwenye picha yao ya siku nyingi, ikagundua ni ya Enwonwu. Picha hiyo, iitwayo Christine, ni ya mwanamke mwingine aliyemchora Lagos mwaka 1971. Iliuzwa kwa Sotheby's Oktoba mwaka huohuo kwa takribani pauni milioni 1.1.

Tutu wa 1973, yule aliyeibwa studio, na mwenzake mmoja wa 1974 bado hawajaonekana.