Mwasumini wa Mtaa wa Malindi

Jamaa zangu, wengi wenu mmechukua miche ya mwasumini ulioko uani kwangu hapa Maskati. Basi ni haki mwijue nasaba yake.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi, na vyombo vya baharini viliueneza Uarabuni na pwani yetu. Wayemeni ua lake huliita fuli. Kwetu Unguja akinamama walilifungia vikuba. Mbegu huzaa kwa nadra mno, hivyo hupandwa kwa tawi. Kila mche ni kiungo cha mti uliotangulia.

Wazee wetu walipoondoka mwaka 1964 hawakuchukua hata jani. Marehemu mama alirejea mwaka 1987 kuitazama nyumba yetu ya mtaa wa Malindi. Mwanamke aliyemfungulia mlango, asiyetujua kabisa, alikuwa akiumwagilia maji mwasumini ule miaka yote. Mama hakuitaja nyumba. Aliomba matawi matatu, akapewa, akayafunga kwa kitambaa chenye maji.

Mawili yalikufa kwa joto la Juni. Kosa ni langu, niliyapanda juani. La tatu likashika. Tangu hapo sikati ovyo: hulaza tawi changa ardhini, nikakwaruza gome chini ya fundo, nikalifukia na kuliwekea jiwe, hata litoe mizizi yake, ndipo nilitenge na mamaye.

Jina la mwanamke yule mama hakuliuliza. Aliyekaa mtaa ule miaka hiyo na aniandikie. Mche wake nimekwisha kuuweka kando.