Kisanduku cha Vitabu Bwejuu

Likizo iliyopita mwalimu mwenzangu alinialika kwao Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja. Siku ya pili mvua ikatufungia nyumbani, naye akanitolea kisanduku cha marehemu baba yake, aliyekuwa akinunua kila kitabu alichokiona mjini. Nalidhani nitakuta vitabu vya namna moja. La! Palikuwa na hadithi, na habari za kale, na maisha ya watu, vyote vimechanganyika kama samaki wa juya.

Cha juu kabisa kilikuwa hadithi alizozikusanya Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu baadaye, kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, zikapigwa chapa London mwaka 1870. Hizo twazijua, bibi zetu walitusimulia.

Kilichonishika ni cha pili: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingaliko Shangani. Aliyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi mwaka 1902 na 1903, miaka miwili kabla mwenyewe hajafa. Msimulizi hodari! Safari, vita na Nsama, pembe, madeni: vyote vyaenda mbio, nami nikajikuta nacheka pamoja naye. Kisha nikafika anapoeleza jinsi wapagazi walivyomtoroka Uzaramo, naye akaingia vijijini, akawakamata watu, akawatia minyororo. Alieleza hayo kwa sauti ile ile ya kuelezea bei ya pembe. Hajuti, wala hajifichi. Kicheko kikanikauka.

Watu wale hawana neno lao katika kitabu hicho. Nikalitafuta kisandukuni, nikakuta Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela ni wa jamii ya watumwa walioachwa huru wa Freretown, karibu na Mombasa, na mambo anayoyasimulia ni ya wazee wake: kukamatwa bara, njia ndefu ya kwenda pwani, jahazi, kisha manowari ya Waingereza. Kwa maoni yangu humsifu Mwingereza kupita kiasi, wala hana ulimi mtamu kama wa Hamed. Lakini humo mnyororo wasimuliwa na aliyeuvaa.

Nikamweleza mwenzangu habari za kitabu kingine, kisichokuwamo. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa masimulizi ya wavulana wa skuli ya Kiungani waliookolewa utumwani, walioandika wenyewe jinsi walivyochukuliwa makwao. Madan aliyafasiri, akayapiga chapa kwa Kiingereza. Basi maneno ya tajiri twayasoma katika Kiswahili chake mwenyewe, na ya watoto wale twayapata kwa lugha ya wageni. Jambo hili lilinichoma moyo, na hata sasa lanichoma.

Mamake mwenzangu alikuwa barazani akisokota kamba ya makumbi, nasi hatukujua kuwa asikiliza. Akauliza, "Mwalimu, wale Wazaramo, majina yao yameandikwa?"

Nikamjibu, "Hayakuandikwa, mama."

Akasokota kidogo, akasema, "Basi nisomee kile cha Mbotela, tangu mwanzo, tena polepole."

Nikamsomea mpaka adhana ya magharibi.