Beto inayokubali kuvunjika

Tarehe 15/4/2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa hapa Goma, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere, kati ya maduka na nyumba. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa hata ndani ya ndege. Pisti yenyewe ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu 2002. Wandugu, leo sitafuti nani alikosa. Nauliza tu: kitu gani kinaweza kushika ndege pale pisti inapoisha?

Jibu moja lilitoka Marekani. Mwaka 1984, DC-10 ilitua JFK, New York, ikapita pisti na kuishia majini. Hakuna aliyekufa. Mwaka 1996, mwisho wa pisti ile ile, wakatandika kitanda cha beto ya povu.

Beto hiyo ni simenti iliyojaa vipovu vya hewa. Ukiiminya, mwanzo inakaza. Kisha kuta za vipovu zinavunjika, safu moja baada ya ingine, na nguvu ya kuiminya inabaki karibu ile ile kwa muda. Vipovu vikiisha, unga unashikana, nguvu inapanda haraka. Faida iko pale katikati: gurudumu linazama, kila mita inapunguza mwendo, bila kusimamisha ndege kwa ghafla. Mai 1999, Saab yenye watu 30 ilipita pisti pale JFK. Kitanda kikaishika, wote wakabaki hai.

Mimi nilisoma agronomia. Kwetu, udongo wenye vitundu ukikanyagwa na trakta ni hasara, juu maji na mizizi havipiti tena muzuri. Kumbe kwingine kule kushindiliwa ndiyo kazi yenyewe!

Sheria ya Marekani inaomba kama mita 300 za ardhi wazi mwisho wa pisti. Birere watu wamejenga karibu sana, na kuhamisha familia si mchezo. Kitanda cha beto kinataka nafasi ndogo zaidi, ila ni ghali, na vipande vilivyovunjika lazima vibadilishwe.

Wenzetu muliosoma ujenzi, hesabu hiyo tunaweza kuifanya wenyewe? Muandike hapa. Tusingoje ajali ingine ndiyo tuanze kuhesabu.