Herufi Kubwa, Herufi Ndogo: Historia ya Neno Intaneti

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja ashike kalamu na daftari.

Andikeni maneno mawili: "pwani" na "Pwani". La kwanza ni ukingo wowote wa bahari. La pili ni mkoa mmoja wa Tanzania. Herufi moja imebadilika, na maana imebadilika nayo. Neno "intaneti" nalo lilikuwa na mambo hayo hayo.

Tarehe 29 Oktoba 1969, huko California, Marekani, ujumbe wa kwanza ulipita katika mtandao wa kompyuta ulioitwa ARPANET. Zilifika herufi mbili tu, mashine ikakwama. Baadaye mitandao mingine ilizaliwa, lakini kila mmoja ulikuwa na kanuni zake. Desemba 1974 Vinton Cerf, Yogen Dalal na Carl Sunshine walitoa kanuni za kuiunganisha, wakatumia neno "internet", yaani mitandao iliyounganishwa, yoyote ile.

Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia kanuni za TCP/IP. Muungano mmoja ukakua kupita yote, wataalamu wakauandika kwa herufi kubwa. Tofauti hiyo haikuwa mapambo. Ofisi yaweza kuunganisha mitandao yake yenyewe, na habari zisitoke nje. Lakini kilichowekwa wazi katika mtandao ule mkubwa chaweza kusomwa dunia nzima.

Wala msiuchanganye na wavuti, aliyoipendekeza Tim Berners-Lee mwaka 1989 huko CERN, Geneva. Intaneti ni barabara. Wavuti ni mojawapo ya magari yapitayo juu yake.

Tarehe 1 Juni 2016 shirika la habari la Associated Press lilianza kuandika neno hili kwa herufi ndogo. Waliokubali walisema limekuwa la kawaida, kama umeme na simu. Waliopinga walisema mtandao huu ni mmoja tu, nao wastahili jina lake.

Basi sisi tufanyeje? Neno letu "mtandao" latokana na kutandaa, nalo laeleza mingi. Herufi ndogo yatosha, mradi sentensi iseme ni mtandao upi: wa ofisi, au wa dunia? Asiyeuliza hivyo aweza kuitangaza siri akidhani ameifungia kabatini.

Kazi ya nyumbani: tungeni sentensi mbili zenye kuonyesha tofauti hiyo. Kwaherini, hadi somo lijalo.